Sura ya Mwisho ya Shamsa

Wiki ya uzinduzi wa riwaya yake, Shamsa hakuwa na nafasi hata ya kukaa chini. Asubuhi yuko dukani Mtaa wa Aggrey anakata mapazia, simu kaibana begani, mteja anauliza kama kitambaa kinachuja, mtu wa ukumbi naye anauliza viti vivalishwe rangi gani. Mchana mahojiano. Jioni kwa fundi, maana mama yake, Bi Nasma, alishawatangazia ndugu wote kwamba siku hiyo ni sare. Na kila alikokwenda walimwita "mwandishi chipukizi". Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, kitabu kakiandika nyuma ya kaunta kati ya mteja na mteja, halafu chipukizi! Akawa anatabasamu na kumeza.

Jumatano akapanda bodaboda kwenda redioni. Mtangazaji aliitwa Allen, na ajabu yake, kitabu alikuwa amekisoma chote.

"Dada Shamsa, sikufichi, nililia," Allen akasema, wako hewani. "Pale mwisho, Kuruthumu anapofunga kibanda chake cha wali kule bandarini na kurudi kwa mumewe."

Shamsa akadhani anataniwa. "Kurudi wapi?"

"Kwa mumewe."

"Kuruthumu hakurudi. Yule mwanaume alimvunja taya. Arudi kufanya nini?"

Allen akamgeuzia kitabu; nakala iliyochapwa, Shamsa alikuwa hajapata nafasi ya kuifungua. Shamsa akasoma, vipokea sauti vikiwa bado masikioni. *Machozi ya furaha yakamtiririka, akapiga magoti mbele ya mumewe.* Tangu azaliwe hajawahi kuandika sentensi kama ile. Akaanza kupekua kurasa za nyuma yake moja moja, kipaza sauti kakisahau. Allen akaona, akaweka muziki haraka.

Ofisi ya mchapishaji wake ilikuwa Mnazi Mmoja, ghorofani. Shamsa alipanda ngazi bila kuitikia salamu ya mtu. Jovin, mwenye ofisi, akainuka akicheka.

"Dada yangu! Tumekusikia redioni, umetuchangamsha kweli—"

"Nani kaandika sura ya mwisho?"

Kicheko kikakatika. "Tuliirekebisha kidogo tu. Wasomaji wetu watu wa familia, dada. Mwanamke anamwacha mume, kesho yake anapakua wali kama kawaida? Funzo liko wapi hapo?"

"Uliniuliza?"

"Ulikuwa bize. Kila nikikupigia, uko na watu."

"Bize na nini, Jovin?" Sauti yake ikafika mpaka kwenye korido. "Si wewe uliyekuwa unanituma? Leo redio, kesho picha, shika kalamu kidevuni, tabasamu, geuka huku! Mimi nazunguka mjini nakinadi kitabu, wewe huku nyuma unakichinja!"

"Vitabu vishachapwa, dada. Uzinduzi Jumamosi, hiyoo inafika."

"Basi kavizindue na huyo aliyeandika."

Akatoka. Njia nzima mpaka nyumbani, mtaa wa Gerezani, alikuwa akiongea peke yake, watu wakimpisha.

Bi Nasma alikuwa kwenye cherehani anapunguza mikono ya sare. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa watu washaalikwa, mwanangu. Utawaudhi wote hao kwa ajili ya mtu wa kwenye hadithi?"

"Ndiyo."

"Mimi nilirudi kwa baba yako. Nikakuleeni. Kuna aibu gani kurudi?"

Shamsa alitaka kujibu kwa upole. Hasira ikamtangulia.

"Kila uliporudi nilikuwa nimeshika gauni lako, mama. Njia nzima nilikuwa namwomba Mungu ugeuze."

Cherehani kikasimama. Nje muuza maji alikuwa anabishana na mtu.

"Hukuwahi kuniambia," Bi Nasma akasema.

"Niliandika kwenye sura ya mwisho. Wameitoa."

Asubuhi yake Bi Nasma mwenyewe ndiye aliyeshika simu, ndugu mmoja baada ya mwingine: shughuli imesogezwa, msiulize. Jovin naye alipiga. Kwanza alibembeleza, kisha akafoka, kisha akatuma watu dukani wamwambie Shamsa kwamba anaharibu jina lake kabla hajalipata. Shamsa aliwajibu wote jibu moja, mkasi mkononi: kitabu kile si chake, na redioni wamemwita tena, atakwenda kulisema hilo. Ijumaa Jovin akasalimu amri. Kurasa za mwisho zitakatwa, sura aliyoiandika mwenyewe itachapwa.

Shamsa hakumwamini. Akafunga duka siku ya biashara, akaenda kusimama kiwandani kwa wachapaji, na mama yake akamfuata bila kualikwa. Mashine ya kukatia ilishuka, kurasa za mwisho zikadondoka. Shamsa akaokota moja, akaikunja mpaka ikawa ngumu kama jiwe.

"Umeridhika sasa?" Jovin akauliza pembeni.

"Hapana. Na kitabu cha pili hukipati."

Karatasi mpya zikaanza kutoka, zina joto. Bi Nasma akachukua za kwanza, akazisogeza mbali, akazileta karibu. Miwani ameisahau nyumbani. Akampa Shamsa.

"Nisomee," akasema.

"Hapa? Kelele zote hizi?"

"Hapa hapa."

Shamsa akasoma. Mashine ilikuwa inanguruma, akapaza sauti, koo likamkwaruza, hasira bado imemjaa kifuani. Mafundi waliokuwa karibu wakaacha kazi. Mama yake alikuwa ameinama, sikio karibu na mdomo wake, na kila Shamsa alipotaka kupumzika, Bi Nasma alimgusa mkono: endelea.