Ncha ya Mkanda

Mimi ni fundi cherehani, na mkanda ule niliushona kwa mikono yangu. Binti yangu, Malkia, miguu na mgongo wake havina nguvu. Kwenye gari la shule kiti chake cha magurudumu hufungwa sakafuni kwa kamba nne, halafu mkanda wangu unazunguka kifua chake na mgongo wa kiti, asije akaenda mbele breki zikikanyagwa. Kila asubuhi naufunga mwenyewe. Ncha naichomeka kwa ndani, maana ikimgusa shingoni inamtekenya.

Juma lile akarudi nyumbani ncha inaning'inia nje.

Nikasema haya, labda imechomoka. Kesho yake vilevile. Nani anamfungua mwanangu njiani, na anamfungulia nini?

Dereva tulimwita Taratibu, kwa anavyoendesha na anavyoongea. Sikumpenda. Mtu wa kutabasamu alfajiri yote ile ana lake jambo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," najibu, macho kwenye vidole vyake.

Jioni nikambana Malkia. "Nani anakufungua mkanda?"

Akatazama dari. "Hakuna."

"Dereva anakugusa?"

"Mama, jamani!" Mtoto anayenisimulia mpaka nzi wa darasani, leo ananificha! Nilihofu. Kola ya mteja nikaishona kinyume.

Asubuhi, nilipomaliza kumfunga, sikushuka. Nikajiketisha nyuma.

"Mama, unakwenda wapi?" dereva akauliza.

"Mnakokwenda."

Tabasamu likampotea usoni. Ahaa, nikasema moyoni, leo nimekukamata.

Tukasimama kwenye geti la bati. Mwanamke akaleta mtoto mdogo mgongoni, mgeni kwangu. Dereva akamketisha kwenye kiti cha kawaida kando ya Malkia, akamfunga mkanda wa kiunoni. Kiwiliwili kikainama mpaka uso ukafika magotini. Akamwinua, kikainama tena. Malkia, bila kunitazama, akapeleka mkono kifuani, akafungua mkanda wangu.

"Mpe," akamwambia dereva.

Nikalipuka. "We! Rudisha hapo! Na wewe baba, una akili kweli? Akiumia wangu?"

"Nimeomba mkanda mwingine shuleni, mama. Wananiambia subiri. Na Malkia alinisihi nisikwambie. Alijua utakataa."

"Nakataa! Hata sasa nakataa!"

Nikamfunga upya, nikachomeka ncha. Malkia akaanza kulia kimyakimya. Nikaketi kando ya yule mdogo, nikamkumbatia kwa mikono miwili. Haya, nikasema, si ameshikwa? Twendeni.

Mbuzi akakatiza barabara. Taratibu akakanyaga breki, wala si kwa nguvu, na mtoto akaniponyoka kama kitambaa cha hariri. Paji la uso likasimama karibu kabisa na chuma cha kiti cha mbele. Malkia hakusogea hata kidogo. Mkanda ulimshika.

Na kwa siku zote zile, aliyekuwa anaachwa bila kushikwa ni wangu.

"Simamisha gari!"

Nikavua utepe wa kupimia shingoni, nikamzungushia mdogo kifuani. Akacheka; naye anatekenyeka.

"Geuza," nikasema. "Turudi kwenye cherehani yangu."

"Mama, kengele ya shule italia hatujafika."

"Wacha ilie."