Herufi Zilizojiandika

Wateja wa laptopu hudanganya kuliko wagonjwa wa meno. Wote watakwambia haikuanguka, haikumwagikiwa na kitu, iliamka tu asubuhi ikiwa hivyo. Nimezoea, na kwa kawaida nawabana mpaka waseme. Siku ile nilimwachia mtu mmoja, na mpaka leo najichukia.

Mwalimu Sadock aliingia dukani kwangu Makambako saa nne asubuhi, koti limelowa ukungu, laptopu ameikumbatia ndani ya mfuko wa rambo. Anafundisha sekondari moja upande wa Igwachanya, na ni mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu ambaye akiingia mahali watu hupunguza sauti. Nikampa shikamoo, nikamsogezea kiti, hakukaa.

"Humu ndani kuna watahiniwa wangu wa kidato cha nne," alisema. "Sitini na mbili. Picha zao, vyeti vya kuzaliwa, kila kitu. Usajili unafungwa leo saa kumi jioni. Asiyeingia hafanyi mtihani mwaka huu."

"Nakala nyingine iko wapi, mwalimu?"

"Haipo, Letisia binti yangu."

Nilitaka kufoka, nikameza mate. Akanieleza ugonjwa: ukibonyeza A, zinatoka A, Q na Z kwa mpigo, na wakati mwingine mashine inajiandikia yenyewe. Juzi aliipeleka Njombe mjini, fundi akambadilishia kibodi, akaweka mpya. Tatizo likabaki vilevile.

Kibodi mpya, ugonjwa wa zamani. Hapo nikaacha kuifikiria kibodi. Herufi zimepangwa kwa mistari, na kila mstari una njia yake inayotoka kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya mashine, kama bustani za bondeni zinavyogawana mfereji. Mche mmoja ukinyauka, angalia mche. Tuta zima likinyauka, panda juu ukautazame mfereji.

"Kulimwagika kitu?" nikauliza.

"Hapana. Ni baridi tu na huu ukungu wetu."

Nikafungua mgongo wa mashine. Nikachomoa ule utepe mwembamba unaounganisha kibodi na mazabodi, kisha nikawasha. Sasa hapakuwa na kibodi kabisa, wala mkono wa mtu juu yake. Lakini kwenye kisanduku cha nywila vitone vikaanza kujipanga vyenyewe, kimoja, vitatu, kumi. Skrini ikasema nywila si sahihi. Vitone vikaanza upya.

"Nani anaandika?" Mwalimu Sadock aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mazabodi."

Nikazima haraka, kwa sababu mashine ikikosewa nywila mara nyingi hujifunga, na hapo tungelia wote. Ingekuwa laptopu ya zamani, ningetoa diski nikaiweka kwenye mashine nyingine, mwalimu angeondoka kabla chai haijapoa. Hii ilikuwa ya zile nyembamba ambazo hifadhi yake imechomelewa palepale kwenye bodi. Bodi ikifa, wanafunzi sitini na wawili wanakwenda nayo.

Chini ya lenzi niliona kutu ya kijani kuzunguka soketi ya kibodi, na juu yake utando unaong'aa.

"Huu si ukungu, mwalimu."

Akakohoa. "Basi labda maji. Kidogo."

"Maji matupu?"

"Matupu."

Maji hayaachi mng'ao wa namna ile. Nilijua. Angekuwa kijana wa rika langu ningemwambia toka na uongo wako, rudi ukiwa na akili. Lakini mtu wa umri wa baba yako, tena mzee wa kanisa, huwezi kumwuliza mara ya nne. Nikasema sawa, mwalimu, nikafanya kazi ya maji: spiriti, mswaki, pamba. Spiriti inafukuza maji vizuri. Kitu chenye sukari haikiyeyushi. Hicho unakiosha kwanza kwa maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, yakiwa ya uvuguvugu, polepole, ndipo spiriti ifuate. Kila fundi anajua hilo.

Saa saba na nusu nikawasha. Feni ikazunguka nusu mzunguko, pakalia tik, na uzi wa moshi ukapanda kutoka pembeni ya soketi. Nikang'oa waya wa umeme. Moshi ulikuwa na harufu, na harufu ile hakuna mtu aliyezaliwa huku asiyeijua, hasa msimu wa mvua mianzi ikigemwa pombe yake.

"Mwalimu, huu ni ulanzi. Tena mkangafu, ule uliochacha."

Alinyanyuka akafunga mlango wa duka. Aliporudi ndipo akakaa.

"Jumapili iliyopita," alisema, "mimi ndiye niliyesimama mbele ya usharika nikasoma majina ya waliotengwa kwa ulevi. Jumatatu yake niko nyumbani naingiza majina haya, baridi imenishika, nina kikombe kimoja. Kiwiko kikakigonga."

"Sisi Wakatoliki tunaunywa uani mchana kweupe, wala hatuharibu laptopu," nikasema. Ulikuwa utani, ila ulitoka na hasira.

Nilifanya ndani ya saa moja na nusu kazi niliyopaswa kuifanya tangu asubuhi. Nikaosha bodi kwa maji ya betri mara tatu. Nikakwangua kutu kwa sindano. Kipande kilichoungua, kidogo kuliko punje ya ulezi, nikakinyanyua kwa hewa ya moto, nikachomelea kingine kutoka bodi mbovu. Hyasinta wa saluni jirani akaniazima mashine yake ya kukaushia nywele. Mwalimu Sadock aliishika yeye, akiipeperusha juu ya bodi huku midomo yake ikisogea. Alikuwa anaomba, na mimi nikaitikia amina moyoni.

Saa tisa na dakika tano ikawaka. Vitone havikujiandika. Nikachomeka kibodi ya nje, mwalimu akaingiza nywila herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ikafunguka. Nikachomeka flashi tukaanza kunakili, faili moja kwa kila mwanafunzi, kwa alfabeti. Kumi. Ishirini na tano. Nilikuwa nahesabu kwa sauti bila kujijua. Arobaini. Arobaini na moja.

Skrini ikawa nyeusi. Nilijaribu kila ninachokijua, na vingine nisivyovijua. Bodi ilikuwa imekufa, na kilichoiua ni ule umeme nilioupitisha saa saba na nusu juu ya sukari.

Nikahamishia flashi kwenye mashine yangu, nikaanza kuwatuma hao arobaini na mmoja kwenye mfumo wa usajili. Mwalimu Sadock akampigia mkuu wake wa shule, Mwalimu Mikaeli, akaweka sauti ya nje ili nami nisikie.

"Ishirini na mmoja hawapo?" sauti ya mkuu ilijaa duka. "Imekuwaje? Nani kaiharibu?"

Mwalimu Sadock akanitazama. Ilikuwa rahisi mno kusema fundi. Katika mji wetu huu neno moja kama hilo linatosha kufunga duka, na mimi nilikwishaanza kutafuta la kujitetea.

"Ni ulanzi, mkuu," alisema. "Niliumwaga mimi. Fundi hana kosa. Nakuomba, hao ishirini na mmoja wapelekwe wenyewe ofisi ya elimu wilayani sasa hivi, na vyeti vyao, wapigwe picha hukohuko."

Nilisikia kengele ya shule ikigongwa upande wa pili.

"Kuna lori la viazi hapa linaondoka," mkuu alisema. "Hayo mengine tutayaongea mbele ya mchungaji." Akakata.

Tulikaa. Arobaini na mmoja wakaingia, mmoja baada ya mwingine, na kila alipoingia nilimtajia mwalimu jina. Saa kumi ikafika, ikapita. Saa kumi na dakika kumi simu ikalia, alikuwa mkuu.

Kumi na tisa walikuwa wamewahi. Wawili hapana, mapacha, Peace na Timoth. Walikuwa Mawengi tangu Jumanne, wamekwenda kumzika bibi yao, na simu hazipatikani.

Mwalimu Sadock alirudisha laptopu kwenye mfuko wa rambo, akaufunga fundo.

"Kesho nakwenda Mawengi," alisema. "Nitawaambia mwenyewe. Mwaka mzima, Letisia. Mwaka mzima wa watoto wa watu."

"Waambie na mimi nilijua si maji. Nilijua tangu asubuhi."

Akageuka mlangoni. "Sasa kwa nini hukunibana?"

"Wewe ni sawa na baba yangu, mwalimu."

Akausogeza mfuko kwapani. "Ungenibana tu, mwanangu," alisema, akatoka kwenye ukungu.