Nukta Mbili za Breki

Mama Tochi aliitambua ile pikipiki kabla hajamwona mwenyewe. Ilikuwa ya nne kwenye foleni, ndogo, nyekundu iliyopauka, na aliyekaa juu yake alikuwa mkwewe, mume wa binti yake wa pekee.

Jina hilo alipewa na waendesha pikipiki, kwa ile tochi ndogo aliyoitundika shingoni kwa kamba ya kiatu. Miaka kumi na tisa alikuwa akizunguka nayo katika uwanja wa ukaguzi, akiinama, akichungulia, akikataa. Tairi zilizolika mpaka zikawa kipara. Taa za nyuma zilizokufa zamani na mwenyewe hana habari. Vioo vya pembeni vilivyofungwa kwa waya, vikamwonyesha dereva goti lake. Nusu ya pikipiki ndogo zilirudishwa mara ya kwanza, na wenyewe walimlaani kidogo, wakaenda kutengeneza, wakarudi. Yeye hakuwa na kinyongo na mtu.

Lakini mkwe si mtu wa kurudishwa hivi hivi.

Kwa kawaida mkaguzi hagusi chombo cha mtu wake. Mara mbili mwezi ule pikipiki hiyo ilikaguliwa na mwenzake, na mara zote mbili ilianguka: tairi ya mbele, taa ya breki, bomba la moshi lililotoboka. Mwenzake sasa alikuwa likizo. Mama Tochi alikwenda kwa mkuu wa kituo akamweleza. Mkuu, bila kuinua uso kwenye makaratasi yake, akamwambia akague, aandike kitabuni kwamba mwenye chombo ni mkwewe, basi. Akaongeza kwamba watu wana macho.

Macho yenyewe yalikuwa ya nini, kama si ya kuona atafanyaje. Hospitali kubwa ilikuwa imemchagua mkwe awe anachukua chupa za damu ya kupimwa kutoka zahanati za mbali na kuzileta maabara. Kazi ya kudumu, si kibarua. Kilichobaki ni cheti cha ukaguzi, kifike kwa karani wa hospitali kabla ya saa kumi, siku hiyohiyo. Kisipofika, karani anampigia simu wa pili kwenye orodha. Mwaka mzima kijana wa watu alikuwa akishika hiki na kuacha kile, anaishi na mkewe chumba cha uani kwa mama mkwe, anapita mlangoni ameinamisha kichwa. Na binti alikuwa na mimba ya miezi saba. Asubuhi, akimmiminia mama yake chai, alisema kwamba leo wanamtegemea yeye. Hakusema zaidi. Mama Tochi aliinywa ile chai kama dawa.

Mbele ya mkwe alikuwa muuza mayai, mtu wa maneno mengi. Alipobonyeza honi, ikatoa mlio wa mbuzi mwenye mafua. Mama Tochi akamwambia aitafutie daktari. Muuza mayai akajibu kuwa mayai hayajawahi kulalamika. Watu wakacheka, naye akarudishwa, lakini hakwenda popote. Alisogea kivulini ukutani na wenzake wawili, wakae wamtazame Mama Tochi na mkwewe. Habari ilikuwa imeshazunguka foleni nzima.

"Shikamoo, mama," mkwe alisema, macho ameyainamisha.

"Marahaba, baba. Washa taa."

Taa zikawaka, kubwa na ndogo. Indiketa zikakonyeza kushoto na kulia. Tairi zote mbili mpya, mnyororo umekazwa na kupakwa grisi, bomba la moshi limechomelewa vizuri, kibao cha namba kimepanguswa mpaka kinang'aa. Mama Tochi alianza kupumua. Wakaipandisha kwenye mashine ya kupima breki. Mkwe akakanyaga, mshale ukapanda, ukapita mstari. Imefaulu. Zilikuwa zimebaki sahihi na muhuri.

Akainama na tochi kwenye gurudumu la nyuma, kwa mazoea tu, kama mtu anavyogusa mlango alioufunga.

Sasa, kiwandani wanapofunga breki ya aina hiyo, hugonga nukta mbili. Moja huwa kwenye kijiti kinachoingia ndani ya gurudumu kusukuma viatu vya breki, nyingine kwenye mkono wa chuma unaokizungusha. Nukta hizo hutazamana. Viatu vikilika, unakaza nati. Vikilika tena, unakaza tena. Nati ikifika mwisho, viatu vimekwisha, unanunua vingine. Ila wapo wanaouchomoa ule mkono, wakauzungusha nyuma jino moja kati ya meno ya kijiti, wakaurudishia. Breki inashika kama mpya, siku tatu, wiki. Halafu siku moja uko mteremkoni, umebeba mtu, unakanyaga kwa nguvu, kijiti kinapinduka huko ndani na breki huna. Mama Tochi aliwahi kuitwa akaitazame pikipiki iliyopatwa na hilo. Hakupenda kukumbuka.

Nukta za mkwe hazikutazamana. Ziliachana jino moja, na pembeni palikuwa na mkwaruzo wa spana, mweupe, wa siku chache tu.

Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Kalamu ilikuwa mkononi. Utaratibu wa kituo haumruhusu mkaguzi kufungua gurudumu la mtu, na mashine ilishasema ndiyo. Nani angemuuliza?

Akauliza kwa sauti ndogo nani aliyefunga breki. Mkwe akasema fundi. Fundi gani? Fundi wa kule. Kule wapi? Mkwe akakohoa. Ukutani pale wale watatu walikuwa wametega masikio. Mama mkwe hamwiti mkwewe mwongo mbele ya wauza mayai, na mkwe habishani na mama wa mkewe; wakabaki wamesimama hivyo, kila mmoja anatazama gurudumu.

Mkaguzi akiwa na shaka, pikipiki ya kubeba mtu hujaribiwa pia na mzigo, kwenye kilima cha zege nyuma ya uwanja, na mzigo wenyewe ni gunia la mchanga linalofungwa kiti cha nyuma. Mlinzi aliyeitwa alipokuja akilikokota gunia, Mama Tochi akamwambia aliache. Akavaa kofia ngumu, akakaza kamba zake chini ya kidevu, akainua mguu, akakaa nyuma ya mkwewe.

Muuza mayai aliinuka pale kivulini.

"Panda mpaka juu," Mama Tochi alisema. "Geuka, shuka kwa kasi, halafu kanyaga breki ya nyuma peke yake kwenye mstari mweupe."

Baada ya mstari mweupe kulikuwa na hatua kama kumi, kisha ukuta.

Walipanda taratibu. Yeye alishika chuma cha nyuma ya kiti, asimguse. Juu kabisa mkwe akageuza, akasimama, mguu mmoja chini. Injini ilikuwa ikitetemeka. Akavuta mafuta kidogo, akaachia. Akavuta tena.

"Mama, shuka."

"Kwa nini? Mashine imesema breki nzima."

"Shuka tu, mama. Nakuomba."

"Nishukie nini?"

Alizima injini. Ndipo akasema, bila kugeuka, kwamba alirudisha jino mwenyewe, Jumatatu, kwa mkono wake, na kwamba viatu vimekwisha kabisa, alinunua tairi akaona mengine yatangoja.

Mama Tochi alishuka. Akavua kofia.

"Mimi unaniambia nishuke," alisema. "Na yule unayembeba kila siku?"

Mkwe akashuka, akaishika pikipiki usukani.

Mama Tochi aliandika pale pale kilimani, kwa herufi kubwa: imeanguka, breki ya nyuma. Mkwe akaishusha pikipiki kwa kuikokota, akatoka nayo getini, akaisukuma mbio kuelekea maduka ya spea. Muuza mayai alisema kitu kuhusu mama wakwe wa siku hizi, lakini hakuna aliyecheka.

Saa tisa ikapita. Kila geti lilipolia, Mama Tochi aliinua kichwa. Aliikagua skuta ya mwalimu mara mbili kwa kusahau kwamba ameshaikagua. Saa kumi kasoro dakika ishirini mkwe akaingia, mikono myeusi mpaka viwikoni, viatu vipya vya breki vimefungwa, nukta zinatazamana. Mbele yake walikuwa watu watatu. Wangempisha kama wangeombwa, wawili kati yao walikuwa tayari wanamtazama Mama Tochi usoni, wanangoja aseme. Hakusema. Akamwita aliyefuata.

Cheti cha mkwe kilipigwa muhuri saa kumi na robo. Mkwe alipiga simu hospitali. Karani akamjibu kwa heshima kwamba pole, mwingine ameshaitwa na ameshakubali.

Njiani kwenda nyumbani Mama Tochi alisema yeye ndiye atakayeanza kumweleza binti, kwani hasira zake anazijua. Mkwe akakataa. Ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia jambo.

Binti alikuwa mlangoni, mkono kiunoni. Alitazama karatasi aliyoshika mumewe, akaanza kutabasamu, kisha akamtazama mama yake, tabasamu likakwama.

"Cheti nimepata, kazi nimekosa," mkwe alisema. "Mama alininyima cheti mara ya kwanza. Breki niliichezea, mke wangu. Isingeshika."

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

Mama Tochi, aliyekuwa amejiandaa kutukanwa, aliona midomo ya mwanawe ikihesabu polepole safari alizopakiwa nyuma: Jumanne sokoni, Jumatano kliniki, jana kliniki tena. Kisha binti akaketi kizingitini, mikono miwili juu ya tumbo, akamwambia mumewe aegeshe pikipiki, akae hapo mbele yake, na aanze upya, asiache kitu.