Msitu wa Celestini

Anneth alifika Nyantakara asubuhi kwa bodaboda, na kamba ya kupimia, vigingi na kifaa kidogo cha kupimia kivuli. Ofisi iliyomtuma ilitaka kujua watu wameharibu mimea ya eneo lile kavu kwa kiasi gani. Penye kivuli pana miti, ndivyo alivyofundishwa, na kitongoji kitakachokutwa hakina kivuli kingehamishwa.

Véronique, mkulima wa pale, alimtolea kiti. Kivuli cha mti mmoja kilimfuata kutoka jikoni, maana aliwahi kukata mti wa kujengea nyumba, na huko kivuli cha mti humfuata aliyeukata. Kilimsumbua wakati wa kuanika mihogo tu. Anneth alikipima, akaandika mti mmoja, kisha akapima shamba la maharage, lililokuwa jua tupu.

Saa sita mchana akaja Celestini, mfanyabiashara wa mkaa na mbao anayeishi mjini. Gari lake lilikuwa limewasha taa kwa sababu ya giza la miti aliyoikata. Aliposhuka, kuku waliingia bandani kulala na wazee wakaagiza makoti. Kivuli chake kilifunika vilima viwili vilivyobaki visiki vitupu.

Anneth akapima. Kifaa kikasema msitu mnene.

Hapo Véronique alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika.

“Mwanangu, mimi nilikata mmoja. Msitu wote huo ulio juu yake ameumaliza yeye. Visiki si hivyo unavikanyaga?”

“Naviona, mama. Ila kifaa kinapima kivuli. Hakiulizi mti uko wapi.”

“Basi uliza wewe.”

Anneth alikuwa ameshaanza kukunja kamba. Alisema atafikisha ujumbe, kama wanavyosema wote.

Majibu yalisomwa kwenye mkutano wa hadhara, mchana, kwa tochi, kwa kuwa Celestini alikuwa amekaa meza kuu. Kitongoji kihame kwa uharibifu. Celestini, ambaye kila alipopimwa alikutwa na msitu, akabidhiwe vilima avitunze. Watu walifunga vifungo vya makoti yao. Waliomba wasubiri mavuno, wakakataliwa.

Maharage yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Véronique alichuma majani yake yawe mboga ya njiani, akayafunga kwenye kitenge. Mbegu hakubeba. Zote alikuwa ameshazipanda.