Mlango wa Jiko la Rahabu

Lori la daktari lilikuwa liondoke Kiomboi saa nane mchana. Ilikwishagonga saa sita, na fomu ya Rahabu ilikuwa bado tupu kama ilivyotoka kwenye bahasha.

Daktari mwenyewe alikuwa Mwingereza mrefu aliyezunguka wilaya nzima na swali moja: kwa nini wanawake wasiogusa tumbaku wanaota uvimbe mbaya kwenye mapafu? Alitaka kujua wamezaa mara ngapi, hedhi ilikoma lini na wanakula nini. Sharti lake lilikuwa fupi. Asiyejaza fomu hapandi lori kwenda kupigwa picha ya kifua.

Rahabu alikuwa amekohoa miezi mitatu. Juzi Dorika, mke wa mwanawe, aliona damu kwenye leso yake. Na Dorika ndiye aliyekuwa mwuguzi wa zahanati, ndiye mwenye penseli. Sasa mkwe atamwuliza vipi mama mkwe habari za uzazi, wakati hata kumtazama usoni ni kazi? Mtumishi mwingine aliyekuwepo alikuwa Alphonce, mwanamume. Huyo hata kumtaja ni matusi.

Dorika akampa mama mkwe ubavu, kama ilivyo heshima, akaanza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimefuata dawa ya kikohozi. Sikuja kusimulia."

"Ni maswali machache tu. Umezaa mara ngapi?"

"Kamwulize hivyo mama yako."

Wanawake watano waliokaa kwenye benchi wakatazama dari. Dorika akavuta pumzi, akalamba ncha ya penseli, akaandika huku akisoma kwa sauti ya kanisani:

"Rahabu. Amezaa mara mbili."

"Mbili?" Rahabu alisimama. "Aliyezaa wawili akachoka ni mama yako Cecilia! Andika tisa. Waliokaa ni sita."

"Tisa," Dorika akaandika. "Hedhi ilikoma akiwa na miaka thelathini."

"Thelathini! Huyo mumeo Lazaro nilimzaa mwaka wa nzige, na mvi tayari ninazo!"

"Basi arobaini na ushee. Anavuta kiko."

"Kiko ni cha baba mkwe wako, na ndiye anayenuka! Mimi hata ugoro sijaonja. Nani alimpa kazi huyu mtoto?"

Benchi zima lilikuwa limejifunika khanga usoni, mabega yanatikisika. Dorika alikuwa anakwenda kama gari mteremkoni. Uwele, mlenda, maziwa ya mgando: Rahabu hakupinga. Dorika akamalizia bila hila yoyote, kwa kuwa kila mtu alijua mwanamke wa ukoo ule hali mayai, yanafunga kizazi.

"Mayai: hajawahi kula."

Rahabu akaketi. Akainama mpaka mdomo ukafika sikioni mwa mkwe wake.

"Futa."

"Nifute nini, Mama?"

"Hiyo ya mayai. Mawili kwa siku, tangu niolewe. Kuku wakitaga vizuri, matatu. Na kama yanafunga kizazi, hesabu tena hao tisa."

"Na hakuna aliyekuona?" Dorika akauliza huku akifuta na kuandika mawili kwa siku.

"Angeniona wapi? Nafunga mlango wa jiko, na tundu la ukutani nalisokomeza matambara. Miaka arobaini na tano."

Penseli ikasimama. Dorika alilijua jiko lile. Ukiingia kuchukua chumvi unatoka umelia kama uko matangani. Ukoo mzima ulimsifu Rahabu kwa kutoanika mambo ya jikoni kwake. Akaitazama fomu mbele na nyuma: hakuna swali hata moja la moshi wa kuni. Akaigeuza, akaandika mgongoni: *Amepika ndani ya jiko lililofungwa, moshi mzito, miaka arobaini na tano.*

Daktari akaja, akasoma, akageuza, akasoma nyuma mara mbili. Kisha akatangaza kwa Kiswahili chake cha kupiga baragumu:

"Mama Rahabu! Mayai mawili kila siku! Vizuri sana! Lakini moshi huu, mbaya! Panda lori!"

Hakuna aliyecheka. Rahabu alikaa wima kama anayesubiri hukumu. Kisha Selina, mke wa mzee wa kanisa, akakohoa kidogo.

"Dorika mwanangu, hebu irudishe fomu yangu. Kuna mahali ulikosea."

"Na yangu," akasema wa pili.

Zilirudi fomu zote tano. Daktari aliandika moshi hadi karatasi zikaisha, na lori likaondoka saa tisa na nusu.

Dorika alimpandisha mama mkwe kwa kumshika kiwiko. Rahabu akajipangia nafasi kati ya magunia, akakohoa, akafuta mdomo, akainama.

"Hata wewe jiko lako linafungwa kila saa sita. Nenda kafungue mlango. Yale mayai saba uliyoficha kwenye kibuyu cha ulezi, nikirudi nataka nikute mawili yangu."

Dorika akasahau adabu, akamtazama usoni.

"Ni matano, Mama."

"Yalikuwa saba jana," akasema Rahabu, na lori likatoka.