Darubini ya Mjomba na Nusu ya Sharubu

Duniani kuna watu wawili tu ambao kioo hakiwezi kuwadanganya: aliyekitengeneza, na mimi. Sura ya lenzi kwenye kitabu cha fizikia niliikariri mpaka nikawa naiota, na shuleni mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutunza hadubini ya maabara. Kwamba niliivunja ni habari nyingine, na hata hivyo ilishakuwa kuukuu.

Kwa hiyo mjomba aliposema anakwenda kuchagua darubini ya bunduki, nilishavaa viatu kabla hajafunga mdomo.

Mjomba ni mwindaji mwenye kibali. Kazi yake ni nguruwe pori, wale wanaoingia mashambani na kulala wameshiba jasho la watu. Ameifanya miaka ishirini na sita, na mashamba yote ya upande wetu yanamtegemea yeye. Lakini mwaka huu macho yalianza kumgomea.

"Nikiiona ncha ya mtutu, nguruwe anakuwa wingu," aliniambia. "Nikimwona nguruwe, mtutu unakuwa moshi."

Na kila mwaka kuna jaribio: risasi tatu, hatua mia moja, zote ziingie ndani ya duara la ukubwa wa sahani. Ukishindwa, bunduki unaikabidhi palepale na kibali kinakwisha. Jaribio lilikuwa limebaki siku tano.

"Kikienda hicho kibali, Msomi," alisema, maana ndivyo anavyoniita tangu nimalize kidato cha nne, "mimi nitabaki mzee wa kufukuza kuku uani."

Aliyetupokea dukani alikuwa fundi bunduki mwenyewe, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi na mikono inayonukia mafuta ya mashine. Nilimpa shikamoo nzito ya mtu anayetaka kubishana baadaye. Kisha nikaiona. Rafu ya juu, nyeusi tii, nene kama bomba la maji machafu, ina vifundo kila mahali na taa nyekundu ndani.

"Mjomba, safari yetu imekwisha. Hii hapa. Inakuza mara ishirini na nne!"

"Ishirini na nne?" fundi akauliza. "Nguruwe unataka kumpiga au kumhesabu kope?"

Mjomba akacheka mpaka akashika meza. Mimi nikaichukua, nikaiweka jichoni nielekee dirishani. Sasa, nina tabia moja: nikitazama kitu kwa makini, jicho la kushoto hufumba na ulimi hutoka nje wenyewe, pembeni. Tangu utotoni. Siutumi, unakwenda.

"Mjomba wako atalenga kwa jicho," fundi akasema. "Wewe naona unalenga kwa ulimi."

Nikaurudisha ulimi ndani, nikajifanya sikusikia. Fundi akamgeukia mjomba, akaanza kumfundisha taratibu. Nguruwe hupigwa kwa hatua hamsini, themanini, tena yumo kichakani na anakimbia. Ukikuza mno, utaona manyoya tu, mnyama mwenyewe umempoteza. Akatoa darubini ndogo, nyembamba, isiyo na taa wala mbwembwe, inayokuza mara nne tu. Akaleta beseni la maji ya uvuguvugu, akaizamisha ndani.

"Tazama mapovu," akamwambia mjomba.

Tukatazama. Hakuna povu hata moja.

"Maana yake hewa haitoki, basi na unyevu hauingii. Haitafanya ukungu alfajiri." Akaifuta, akaifunga kwenye jiriwa, kibanio cha mezani, ikiwa imeelekea msalaba aliouchora ukutani, akamwambia mjomba azungushe kifundo mibofyo ishirini juu kisha ishirini chini. "Msalaba ulio ndani ya kioo umerudi palepale?"

"Palepale."

"Basi hiyo ni darubini. Inayotangatanga ni pambo. Na ukilenga, jicho lako likae mbali nayo upana wa kiganja, ama sivyo bunduki ikipiga teke itakuchora nyusi."

Mjomba akaichagua hiyo. Nilinuna kwa niaba ya sayansi.

Fundi aliifunga juu ya bunduki kwa pete mbili na skrubu nne, wakaenda kiwanja cha shabaha kilicho nyuma ya karakana, wakapiga na kurekebisha, wakapiga na kurekebisha, mpaka risasi tatu za mwisho zikakaa pamoja kama ndugu wa tumbo moja. Ndipo nikamwona fundi akitoa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, akachora kistari juu ya kila skrubu, kikaanzia kichwani mwa skrubu kikaishia kwenye pete.

"Fundi, hadi bunduki unaitia rangi ya kucha?" nikamtania. "Na hina je?"

Akatabasamu tu. Ningenyamaza ningeelezwa. Lakini kunyamaza sikukusomea.

Njiani mjomba aliibeba bunduki ndani ya mfuko wake kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. "Msomi," akasema, "leo nimeuona msalaba na nimeiona shabaha, vyote kwa pamoja. Mwaka mzima nilikuwa sijaviona hivyo." Sauti yake ilitikisika kidogo.

Sasa tuje kwenye dhambi.

Siku moja kabla ya jaribio, saa kumi na moja na nusu jioni, timu yangu ilikuwa uwanjani, inamalizia kipindi cha pili. Runinga yetu ilikuwa imeungua. Runinga kubwa ipo kwa kinyozi, ng'ambo ya barabara, lakini kinyozi alikuwa amenifukuza wiki iliyopita baada ya mimi kumwambia mteja wake kwamba kwa kunyolewa kule, ndugu zake wasipomtambua wasilaumiwe. Kutoka dirisha letu la ghorofani runinga ile unaiona, ila wachezaji ni sisimizi.

Na pale mezani mjomba alikuwa ameacha bunduki aliyotoka kuisafisha. Haikuwa na risasi, na komeo lake, kile chuma kinachosukuma risasi mtutuni, alikuwa nalo mwenyewe; komeo hilo huenda nalo hata bafuni, na bafuni ndiko alikokuwa. Bunduki sikutaka hata kuigusa. Mimi nilitaka darubini. Mara nne tu! Ile mara nne niliyoidharau.

Bisibisi ilikuwa palepale. Skrubu nne, dakika moja. Rangi ya fundi ikapasuka vipande vidogo, nikavipuliza. Nikakaa dirishani, nikafumba jicho la kushoto, na tazama! Sisimizi wakawa watu. Jezi zina namba. Nikamwona hadi mwamuzi akifuta jasho.

Dakika ya themanini mchezaji wetu akaangushwa ndani ya boksi. Mwamuzi akapeta mkono, mpira uendelee. Nikasimama mzima mzima dirishani, darubini jichoni:

"Haki ya nani, ile ni penalti!"

Kinyozi alikuwa amesimama mbele ya kioo chake kikubwa, wembe mkononi, anamnyoa mteja aliyefunikwa povu uso mzima. Nikamwona akiinua macho kwenye kioo. Sijui aliona nini humo, jua limepiga lenzi au vipi. Aliruka. Mteja akaruka. Kitambaa cheupe kikaruka. Kinyozi akalala chini nyuma ya kiti chake, na yule mteja akabaki amesimama, povu linamchuruzika, ananitazama mimi ninayemtazama.

Nikachutama kama niliyepigwa rungu. Papo hapo mlio wa maji bafuni ukakoma.

Harakaharaka nikairudisha darubini kwenye pete zake. Skrubu mbili niliziingiza kwa bisibisi, mbili kwa vidole, kwa sababu kandambili za mjomba zilishaanza kuja ukumbini. Alipoingia, nilikuwa nasoma gazeti. Baadaye niligundua nililishika juu chini.

"Timu yako?" akauliza.

"Sijui, mjomba. Niko na gazeti."

Asubuhi iliyofuata tulikuwa kiwanjani. Fundi yupo, maana kiwanja ni chake. Mkaguzi wa silaha akaja, mgeni aliyehamishiwa kwetu mwezi huohuo, mrefu, amebeba jalada kwapani. Chini ya pua alikuwa na plasta, na sharubu upande mmoja tu. Upande wa pili, upara mtupu.

Nikamnong'oneza mjomba, "Huyu serikali imempa nusu, nusu atapewa akithibitishwa kazini."

"Nyamaza, Msomi."

Mjomba akalala kifudifudi juu ya mkeka, akaweka shavu vizuri, jicho mbali na darubini upana wa kiganja kama alivyofundishwa. Akavuta pumzi. Akapiga.

Mkaguzi akatazama karatasi ya shabaha kwa darubini yake ya macho mawili. Akatazama tena. "Haipo."

"Haipo wapi?" fundi akauliza.

"Kwenye karatasi. Haipo."

Risasi ya pili ikatimua vumbi kwenye tuta la mchanga, kushoto kabisa. Ya tatu ikang'oa kibanzi kwenye mguu wa nguzo ya shabaha.

Fundi alivaa miwani yake, akaivua, akaivaa tena. Mkaguzi kalamu ilimsimama hewani. Mimi nilijua nimelegeza skrubu, lakini sikujua skrubu inaweza kummaliza mtu. Mjomba wangu, ambaye hajawahi kukosa duara hilo hata akiwa na homa, aliinuka taratibu kama aliyeambiwa kuna msiba.

"Siyo bunduki," akasema. "Ni macho. Yamekwisha."

"Mzee, ngoja kwanza," fundi akasema.

"Nimeuona msalaba katikati kabisa ya duara, fundi. Nimeuona! Kama ninaona kisichokuwepo, nikikutana na mtu shambani nitamwona nguruwe." Akatoa komeo, akainua bunduki kwa mikono miwili, akamnyooshea mkaguzi. "Chukua. Nisije nikaua mtu."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni hiki:

"Darubini mbovu! Tumeuziwa darubini mbovu! Mimi nilisema tuchukue ile kubwa!"

Fundi akanigeukia polepole. Akaipokea bunduki, akaishika darubini kwa vidole viwili, akaisukuma. Ikacheza. Kabisa, kama jino la mtoto wa miaka sita. Akainamia zile skrubu.

"Mzee, kile kistari chekundu sikukichora kwa urembo. Skrubu ikizunguka hata kidogo, kistari kinakatika, na mimi najua imeguswa. Hivi vyote vinne vimekatika. Nani ameifungua?"

"Hakuna," mjomba akajibu. "Haikutoka mkononi mwangu. Nyumbani nipo na mke wangu na huyu mpwa wangu tu."

Wote wakanitazama.

"Mimi?" nikashika kifua. "Mimi hata sijawahi kuigusa! Haki ya nani!"

Mkaguzi, aliyekuwa anaandika, akaacha kuandika. Mkono wake ukapanda wenyewe hadi kwenye plasta.

"Mwacheni kijana," mjomba akasema, na hili ndilo lililonichoma. "Ana maneno mengi, lakini uongo hajawahi kuniambia. Fundi, pengine hukukaza vizuri. Si kosa, binadamu husahau."

Uso wa fundi ukasawijika. Miaka yote ile ya jina lake, na mimi nimesimama pembeni naitazama ikimwagika.

"Fundi," mkaguzi akasema, "hebu itoe hiyo darubini. Mpe kijana."

"Mimi?"

"Unaitwa Msomi, na naona darubini unazijua. Tusaidie. Tazama ile karatasi, utuambie kama kioo ni kibovu."

Nilijisikia nimeokoka. Kitu nilichokuwa nakihitaji ni dakika moja ya utaalamu, niseme kioo kina kasoro ya kiwandani, yaishe. Nikaishika, nikaielekeza kwenye shabaha, nikafumba jicho la kushoto. Nikaona vizuri mno. Nikazidi kutazama, natafuta kasoro ya kubuni.

"Ndiye," mkaguzi akasema.

"Ndiye nani?" fundi akauliza.

"Jana saa kumi na moja na kitu nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi. Kinyozi akaona kwenye kioo chake mtu anatulenga kutoka dirisha la ghorofani, akapiga kelele, wembe ukapita na sharubu yangu. Nikageuka. Nikaona wazi si bunduki, ni kibomba tu, na kijana nyuma yake anapigia kelele penalti. Sura sikuishika, kibomba kilimziba. Ila sauti ile, na hiyo haki ya nani..." Akainama, akanikaribia. "Na ulimi. Huo ulimi, ukitoka hivyohivyo, pembeni."

Niliugundua hapo. Ulikuwa nje, umekaa, unapunga upepo.

Nikaurudisha ndani, lakini kuna vitu ukivirudisha vinakuwa vimeshaonekana. Fundi alikuwa amejishika kiuno. Nilimsubiri mjomba aje na kofi. Nilishainamisha shavu kabisa ili nimrahisishie. Hakuja. Alikuwa amesimama na komeo lake mkononi, mdomo wazi, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukizika.

"Kwa hiyo msalaba ulikuwepo katikati kweli," akasema polepole. "Macho yangu mazima."

"Mazima, mzee," mkaguzi akasema. "Lakini silaha kuachwa mahali ambapo Msomi anaweza kuifungua, hilo nitaliandika, na wewe utalisaini. Fundi akaze, mrekebishe, halafu utapiga upya risasi tatu."

"Nitasaini."

Mjomba akaipokea bunduki yake, akaipakata. Kisha macho yale, yaliyothibitishwa sasa hivi mbele ya serikali kwamba ni mazima, akayageuza taratibu, akanitulizia usoni, wala hakupepesa.