Mbuzi wa Kuondoa Kesi

Amida alipotoka jikoni, mbuzi alikuwa ameshakufa.

Alikuwa amemvuta mbuzi huyo kwa kamba tangu Majengo, Thika, mpaka kwenye mashamba ya kahawa ya Ruiru, mwanawe Rama akimfuata nyuma. Wiki iliyopita, katika ugomvi wa mpira, Rama alikuwa amerusha jiwe likamvunja mkono Gachanja, mwana wa nyumba hii ya Ruiru. Chifu alitoa nafasi moja tu: nyumba hizi mbili zipatane, au kesho Rama apelekwe kortini, na kutoka huko jela ya watoto. Wazee wakaamua kwamba mbuzi mmoja aliwe na pande zote mbili, na hapo kesi itakuwa imekwisha.

"Ndugu yangu Abdulkarim alikuwa njiani kuja kumchinja," Amida alisema.

"Tumekupunguzia kazi, mama," kijana mmoja akajibu kwa furaha. Yeye na wenzake walikuwa wamemziba mbuzi pua na mdomo, kama desturi yao ilivyo, ili damu isipotee.

Nyama ilipoiva, Mzee Waweru, mkubwa wa wale wazee, alikata ubavu akampa Rama. Rama akaficha mikono mgongoni.

"Siwezi, mzee."

"Huwezi? Meno umeacha Thika?"

Watu wakacheka.

"Hakuchinjwa. Dini yangu hairuhusu."

"Hii! Kuvunja mkono wa mwenzako iliruhusu?" Mzee hakucheka tena. "Asiyekula nasi hajapatana nasi. Kesho nitamwambia chifu hivyo."

Amida alimsogelea mwanawe. Tangu amwachishe ziwa, hakuwahi kumtilia kinywani kitu cha haramu.

"Kula, baba," alinong'ona. "Dhambi hii nitaibeba mimi."

Rama akamtazama mama yake. Kisha akanyoosha mkono kuupokea ubavu, machozi yakimdondokea magotini.

"Wacha!" Gachanja alisema. Alikuwa amekaa kando, mkono wa kulia umefungwa banzi. "Basi hata mimi sili."

"Wewe nawe umesilimu?" mama yake, Wangeci, akamuuliza.

"Sitaki ale huku analia. Mama, vile viazi vitamu viko wapi?"

"Viko jivuni."

"Tutakula hivyo."

Wangeci alivileta kwenye ungo, bado vinatoa moshi. Gachanja alijaribu kumenya kwa mkono mmoja, kiazi kikamponyoka. Rama akakiokota, akakipangusa kwa shati, akakimenya. Akakipuliza kipoe, akamwekea mwenzake kiganjani. Kisha akajimenyea chake.

"Mila inasema mbuzi," Mzee Waweru alisema.

"Mbuzi mtammaliza, wazee, mimi nawajua," Wangeci alijibu. "Lakini mkono uliovunjwa ni wa mwanangu. Na mwanangu anakula na mwenzake. Tazama."

Wazee wakatazama. Wavulana wale walikuwa wamejaza mashavu, hawana habari na mtu. Mzee Waweru aliurudisha ubavu kwenye majani yaliyotandikiwa nyama, akanyoosha mkono kwenye ungo, akachagua kiazi kikubwa.

"Kesho nitamwambia chifu wamekula pamoja," alisema, akimenya. "Walikula nini, hilo hataniuliza."

Wangeci alimsukumia Amida kigoda, akamkalisha, akaketi chini kando yake.